Kabonili za protini: panya wa miezi 3 na wa miezi 24 wanatoka sawa, nakosea wapi?

Mpimaji_Mpya

Wakuu, napima kabonili za protini (alama za protini zilizoharibiwa kwa kuoksidika) kwa DNPH (kemikali ya manjano inayozishika) kwenye maini ya panya, wachanga wa miezi 3 na wazee wa miezi 24. Makundi yote mawili yanatoa nanomoli 9 hadi 12 kwa kila mg ya protini, tena mirija mitatu ya sampuli moja haikubaliani. Nachanganya na DNPH ya milimola 10 kwenye HCl ya mola 2 kwa muda wa saa moja, nagandisha protini kwa TCA (asidi), naosha mara moja, nayeyusha donge kwa guanidini ya mola 6, nasoma mwanga unaofyonzwa kwenye nm 370. Protini niliipima mwanzo kabisa.

Kuveti

Mkuu, namba hizo ni kubwa mno. Ini la panya kwa njia hii huwa karibu na nanomoli 2.

Kuosha mara moja hakutoshi. DNPH iliyobaki ni ya manjano na yenyewe husomeka hapohapo kwenye 370. Osha mara tatu kwa ml 1 ya ethanoli na ethili asetati, nusu kwa nusu. Kila mara vunja donge kwa kijiti cha kioo, liache dakika 10, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa g 11,000. Mwosho wa tatu ukiwa bado na manjano, ongeza wa nne.

Kutokubaliana kwa mirija ni suala jingine. Donge hunata kwenye ncha ya pipeti, na ukimwaga kwa pupa sehemu yake inaondoka na mwosho. Kwa hiyo protini uliyoipima mwanzo siyo iliyomo kwenye mrija mwishoni. Kila sampuli iwe na blanki yake: kila kitu kilekile, ila HCl peke yake bila DNPH. Soma blanki hiyo kwenye nm 280 ukilinganisha na mstari wa BSA (protini ya kulinganishia) iliyoyeyushwa kwenye guanidini ileile. Mrija wenye DNPH usiusome kwenye 280, rangi nayo hufyonza mwanga huko.

Hesabu: toa blanki kwenye sampuli, gawa kwa 22,000 (kiasi cha mwanga ambacho mola 1 ya DNPH iliyoshikwa hufyonza kwenye kina cha sm 1). Tofauti ya 0.044 kwenye kuveti ya sm 1 ni mikromola 2. Protini ikiwa mg 1 kwa ml, jibu ni nanomoli 2 kwa mg. Ukihamia sahani ya visima 96, kumbuka mikrolita 220 zina kina cha kama sm 0.6 tu.

Halafu DNPH huuzwa ikiwa na maji kwa sababu ikikauka inaweza kulipuka. Usiikaushe! Kama chupa inasema maji ni asilimia 30, ml 100 za milimola 10 zinataka mg 283, siyo 198.

Bi_Mashapo

Kuveti kasahau asidi nukleiki (DNA na RNA), na kwenye ini zimejaa. Nazo hushika DNPH. Kabla ya kuanza, soma sampuli kwenye 280 na 260. Uwiano wa 280 kwa 260 ukishuka chini ya 1, weka streptomaisini salfati ifike asilimia 1, acha dakika 15, zungusha kwa g 6,000 dakika 10, chukua kimiminika cha juu.

Damu nayo: hemu (rangi nyekundu ya damu) hufyonza mwanga jirani na 370, na blanki haiifuti yote. Pitisha maji ya chumvi baridi kwenye ini mpaka lipauke.

Mzee_wa_Protini

Hata mkisafisha yote hayo, tofauti ya umri inaweza kuwa ndogo. Protini nyingi za ini hubadilishwa ndani ya siku chache, na proteasomu ya 20S (mashine ya seli ya kukatakata protini) huzila zilizoharibika. Tafuta akonitasi ya mitokondria (kimeng'enya kimoja cha huko): pima utendaji wake, kisha tenganisha protini kwa mikanda na uziblotie kwa kingamwili ya DNP (inayoitambua DNPH iliyonaswa) uone mkanda gani umeshika rangi. Jumla ya kabonili huficha mambo hayo.

Tena si kila kabonili imetoka kwenye chuma na peroksidi kugonga lisini, arginini, prolini au threonini. Mafuta yaliyooza huleta 4-HNE, ambayo hujibandika kwenye sisteini ikiwa na aldehidi yake mkononi. Na methionini iliyooksidika haionekani kwa DNPH kabisa. Hiyo seli huirekebisha yenyewe, kabonili hairekebishiki.

Wala usiandike kwamba kabonili nyingi ni uzee. Yule fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia ana uharibifu mwingi tangu ujana, na bado hupita miaka 30.

Mpimaji_Mpya

Uwiano umetoka 0.7. Je, sampuli zilizokwisha kupata DNPH zinaokoleka?

Bi_Mashapo

Hizo tupa. Rudi kwenye homojeneti (ini lililosagwa) iliyoko nyuzi −80, na chukua mrija mmoja wa ziada uutie sodiamu borohaidraidi kabla ya DNPH. Borohaidraidi huzima kabonili za kweli. Kitakachosomeka baada ya hapo ni uchafu.