Makorongo yanachimbika Dodoma: tuwafukuze wachimba mchanga, au tumrudie aliyejenga kalavati?

Mleta mada
Mbukwenyi wakuu. Mvua za Januari zikipita tu, wimbo ni uleule: kalavati limeachwa linaning'inia, barabara imekatika, wachimba mchanga wakamatwe. Tipa zinatimuliwa, baada ya wiki mbili zimerudi. Kwangu mimi tunamwadhibu mkosaji wa pili, mchimba mchanga, na kumwacha wa kwanza, aliyejenga kalavati.

Katazameni makalavati ya barabara za vumbi huku Chamwino na Mpwapwa. Upande maji yanakoingilia, mchanga umejaa hadi nusu ya mdomo. Upande yanakotokea kuna shimo la kumzamisha mtu kiunoni, tena limeanzia palepale zege linapoishia. Hakuna mwenye koleo anayechimba hivyo. Korongo pana limelazimishwa kupita kwenye mabomba mawili, maji yanatoka kwa kasi. Wahandisi wa mito wana kanuni kwamba kasi ikiwa mara mbili, uzito wa jiwe ambalo mkondo unaweza kulisukuma huwa mara 64. Mchanga wetu utasimama wapi hapo?

Dawa inajulikana: sakafu ya zege irefushwe, mwisho wake ushushiwe ukuta ndani ya ardhi, kisha yafuate mawe makubwa au gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe. Fedha zikipungua hivyo ndivyo vinavyokatwa kwanza, maana siku ya uzinduzi hakuna anayeteremka korongoni kuviona.

Mwenye tipa, Nala
Ubarikiwe mkuu. Mji wa Serikali pale Mtumba umejengwa kwa mchanga, na mchanga huo haukushuka na mvua. Sisi tukipeleka ni maendeleo, daraja likitikisika ni wahalifu.

Fundi barabara
Mleta mada, unachanganya mambo mawili. Shimo la mdomoni ni la mjenzi, hapo nakubali. Ukishuka hatua chache utakuta maji yamerundika kilima cha mchanga huo huo. Lakini yapo makorongo ambayo sakafu yote imeshuka, huoni kilima wala shimo. Hayo ni ya tipa. Mkichota mchanga upande wa chini wa mkondo, hata mbali na daraja, mnaacha ngazi kwenye sakafu ya korongo. Kila mafuriko yanaila ngazi hiyo na kuirudisha nyuma, kuelekea juu ya mkondo, mpaka inalifikia zege. Ukuta uliozamishwa mita moja unajikuta hewani. Ndugu wa Nala atasema hakugusa daraja, na kweli hakuligusa! Halafu Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, sijui tunaisoma lini.

Mkulima wa mpunga, Bahi
Mnabishana juu ya kalavati, sisi tunaangalia mto Bubu unaotunyweshea mpunga. Bwawa la Farkwa la kuuziba mto huo, kule Chemba, limezungumzwa miaka mingi. Bwawa hunasa mchanga, ona bwawa la Hombolo la 1957 jinsi udongo unavyolila. Maji yanayotoka yameshatua mzigo, kwa hiyo hubeba mwingine kutoka sakafu ya mto chini yake. Je, sakafu ya mto ikishuka, banio letu la kuingiza maji mashambani likibaki juu, mpunga utanywa nini? Sipingi bwawa, Dodoma ina kiu. Nauliza tu kama upande wa chini umo kwenye hesabu.

Mleta mada
Fundi, hoja ya ngazi nimeipokea, ila haiondoi yangu. Machi 2020 maji yalikata barabara ya Morogoro–Dodoma pale Kiyegeya, Gairo, magari yakalala njiani. Je, kila kijiji kingoje Kiyegeya yake? Tuambie basi, tipa zikae mita ngapi kutoka kalavati?

Fundi barabara
Namba moja ya makorongo yote ni uongo wa ofisini. Chora mstari wa rangi kwenye ukuta wa kalavati, usawa wa sakafu ya korongo leo. Kila mvua zikiisha, pima. Sakafu ikishuka chini ya mstari, kuchimba kunasimama, mchanga ukijaa tena mnarudi.

Mwenye tipa, Nala
Rangi nitaiheshimu, kaka. Lakini pembeni yake paandikwe jina la mkandarasi, mwaka aliomaliza na kina alichozamisha ukuta wake.