Mdogo wangu ana skizofrenia, nami nina mimba. Mtoto atarithi?

BintiKisauni: Asalaam aleikum. Mdogo wangu wa kiume, miaka 22, tangu mwaka jana anasikia sauti na anasema majirani wanamtilia sumu kwenye maji. Daktari kasema ni skizofrenia, dawa ameanza. Mimi nina mimba ya miezi minne na mavyaa haniachi: ati kwetu kuna damu ya wazimu. Mama naye analia, kwani uchungu wa mtoto huyu ulimkaa sana na alipotoka hakulia upesi. Mtaani wanasema ni majini. Nishike lipi?

NesiMstaafu: Wa aleikum salaam mwanangu. Katika watu mia, mmoja hivi hupata ugonjwa huu maishani. Kwa mpwa wa mgonjwa, ndiye mwanao huyo, ni kama watatu au wanne katika mia. Pacha wa yai moja, mmoja akiugua, mwenziwe mara nyingi husalimika, na damu yao ni moja! Jeni, yaani chembe za urithi, zinazohusika ni nyingi mno, kila moja na mchango wake mdogo.

Mama umtulize. Mtoto kukosa hewa akizaliwa huongeza hatari kidogo, lakini wengi waliozaliwa hivyo ni wazima.

Jambo la kushika ni mimba yako. Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walizuia chakula. Watoto waliotungwa mimba njaa ilipokuwa kali, walipokua, skizofrenia ilionekana kwao kama mara mbili ya wenzao. Basi kula, kliniki usikose, homa usiipuuze.

MtuWaLikoni: Mbona hakuna anayeuliza muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa? 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku, mahakama ikasimamisha, vijana wanaendelea kutafuna.

BintiKisauni: Alikuwa anatafuna, ndiyo. Na bangi tangu kidato cha pili.

NesiMstaafu: Bangi ya umri ule, tena ya kila siku, ina ushahidi mkubwa kwamba huongeza hatari ya ugonjwa huu. Muguka nao humvuruga aliye mgonjwa na kumkosesha usingizi. Ila msimtupie lawama yote. Wengine huanza kuvuta kichwa kikiwa kimeshaanza kuwasumbua.

Abu_Swafiya: Kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, anywe, dua msome, hapana ubaya. Lakini dawa asiache hata akijiona mzima, na mganga wa kufunga watu minyororo msimkaribie. Akizidiwa, hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa kuna wodi ya magonjwa ya akili.

BintiKisauni: Shukran jamani. Na mavyaa nimjibu vipi?

MamaKibokoni: Muulize kwa adabu kama kwao hakuna hata mmoja anayefichwa chumbani wageni wakija.

BintiKisauni: Heh! Kuna ami yake mume wangu, yuko Malindi, hatajwi kabisa.

NesiMstaafu: Basi ukienda kliniki mweleze daktari habari za pande zote mbili, si ya kwenu tu.