Tupeane uzoefu: simu imewahi kukuingiza kwenye kesi?

Salaam wakuu. Naanza mimi, muuza dagaa wa Mwanga hapa Kigoma. Mwaka jana giza linakaribia (zile siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa), sina mtaji, nikachukua mkopo wa laki na nusu kwenye programu ya simu. Ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote niliyohifadhi. Nikabonyeza "kubali", nani ana muda wa kusoma?

Nilichelewa siku tatu. Ya nne asubuhi baba mkwe ananipigia kutoka Kasulu: "Mwanangu, kuna watu wanasema mimi ni mdhamini wako na wewe umetoroka." Wamemtumia na picha yangu. Mwenyekiti wa mtaa kapata, fundi cherehani kapata, hadi mteja wangu wa Uvinza. Nilikoanzia kulalamika nikajibiwa, "Si ulikubali mwenyewe?" Kijana mmoja aliyesoma sheria ndiye alinifumbua macho: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na kukopa si kibali cha kutangazwa. Malalamiko yanapelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nimeandika. Shida, ile programu imeshabadili jina. Sasa namshtaki nani?

Mvuvi wa Katonga: Pole mkuu. Mimi nilimkopesha mtu injini ya boti, makubaliano yote kwa meseji. Akanigeuka. Meseji ni ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua, lakini mahakama inapima zilivyotunzwa. Mimi nilikuwa na picha za skrini tu, simu yenyewe nimeshaiuza! Wakili wa huyo niliyemkopesha akauliza nitathibitishaje hazikuchezewa. Nikabaki natazama dari. Usiuze simu yenye kesi.

Mama wa Ujiji: Mie nilipigiwa kwa sauti ya mwanangu kabisa, analia, anataka hela. Nikamuuliza, "Bibi yako tunamwitaje nyumbani?" Kimya, simu ikakatwa. Namba nikaripoti 15040.

Bodaboda Gungu: Piga *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Yangu ilikuwa na moja nisiyoijua.

Mvuvi wa Katonga: Mleta mada, mkwe ikawaje?

Mleta mada: Alilipa yeye elfu arobaini zilizobaki. Akasema binti yake asijue. Kumbe binti yake naye alishatumiwa ile picha.