Kwashakoo: sifa ni ya Dkt Cicely Williams au ya kina mama wa Accra?

Mzizima77: Wakuu, huyu mama alizaliwa Jamaica, Mwingereza akampeleka Gold Coast, ndo Ghana ya leo, mwaka 1929 kama daktari. 1933 akaandika kuhusu watoto wanaovimba kwa kula mahindi matupu, 1935 akautaja ugonjwa kwa jina kwenye jarida la kitabibu la Lancet: kwashiorkor, ndo kwashakoo yetu. Vitabu vinasema kagundua. Kagundua nini wakati jina lenyewe ni la Kigaa, la kina mama wa Accra? Mkoloni kachukua kama walivyochukua dhahabu.

BintiUjiji: Usimchanganye na wachimba dhahabu. Madaktari wenzake walimbishia wakasema hiyo ni pelagra tu, ugonjwa mwingine wa kukosa vitamini, yeye akakaa na kina mama akawauliza wenyewe mnaitaje. Angeweza kuubandika jina lake, madaktari wangapi wa enzi zile walifanya hivyo? Akaacha jina lao, na maana yake akaieleza: ugonjwa wa mtoto aliyetolewa kwenye ziwa kwa sababu mdogo wake kaja.

Mzee wa Pangani: Sasa hiyo si ndo kubemenda ya bibi zetu? Mama akishika mimba ananyonyesha, mtoto anadhoofu. Tulikuwa nayo siku zote.

KijanaTandale: Hapo ndo tunapofeli wazee wangu, kubemenda ni ushamba, mtoto kakosa protini mnasingizia chumba cha wazazi.

Mama Salha: Wewe mwanangu unayesema ushamba umewahi kulea? Mwanangu wa kwanza miguu ilivimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo, nywele zikawa nyepesi nyekundu kama ndevu za hindi. Kliniki nesi akanisema mbele ya foleni nzima eti nimembemenda mtoto, na baba yake yuko safarini mwezi wa saba sijamwona! Nilijifunika khanga nikaondoka na sikurudi. Mtoto alikuwa anakula uji wa sembe mtupu asubuhi na jioni, sikuwa na hela hata ya dagaa.

Mzee wa Pangani: Pole sana mwanangu. Ila wazee hawakuliweka neno lile kuwaaibisha wanawake, walitaka mume avumilie mtoto anyonye miaka miwili.

Mama Salha: Shikamoo mzee, lakini mume hakuna aliyemsema kwenye foleni. Hao wa Accra jina lao linasema mtoto kanyang'anywa ziwa. La kwetu linasema mama kafanya uchafu. Usiyalinganishe.

KijanaTandale: Mama naomba radhi, neno ushamba nalifuta. Ila protini pale pale.

BintiUjiji: Na Cicely hakuwalaumu kina mama. 1936 alihamishiwa Malaya, koloni la Mwingereza huko Asia, 1939 akasimama Singapore mbele ya klabu ya Rotary, mabwana watupu wa biashara, akawaambia wanaodanganya kina mama waache ziwa wawape watoto maziwa ya kopo yenye sukari, vifo vile vihesabiwe mauaji.

Mzizima77: Mimi simkatai ushujaa wake, ila aliajiriwa na serikali ileile, na mada ni sifa iende wapi.

Mzee wa Pangani: Mada baadaye bwana. Mama Salha, mtoto alipona?

Mama Salha: Alipona mzee, alhamdulillah. Jirani alinikokota hadi zahanati nyingine, daktari wa kike, kitu cha kwanza akaniuliza "huyu anakula nini?" Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hilo. Nililia pale pale. Tukalazwa, maziwa yao kidogo kidogo kila baada ya masaa machache hata usiku wa manane, siku ya kwanza nilidhani wanamnyima. Uvimbe ukaanza kushuka, akawa hadi mwembamba nikaogopa zaidi, kumbe yale yalikuwa maji. Siku aliyonyoosha mkono kunipora kikombe ndo nikalala.