Treni inazima kila ikifika upande wa pili wa meza, nimesafisha reli mpaka basi. Naombeni ushauri

Mwanareli
Wakuu habarini. Mimi bado mgeni kwenye hizi treni ndogo, nina kama miezi minne tu, na nimefika mahali nimekwama kabisa. Nina meza ya plaiwudi mita 2.4 kwa 1.2, skeli ya HO (yaani treni ndogo mara 87 kuliko ya kweli), nimepanga reli duara refu la kawaida halafu kuna njia moja ya pembeni ya kuegeshea mabehewa kwa hiyo pointi, yaani pale njia inapogawanyika, ni mbili. Umeme ni wa ile kontrola iliyokuja na seti, voliti 12, nimeunganisha sehemu moja tu kama karatasi ya maelekezo ilivyosema.

Shida ni hii, treni ikiwa upande wa kontrola inakwenda vizuri tu, ikianza kuikata kona ya mbali inapungua mwendo, ikifika ule upande wa pili inajikokota au inasimama kabisa na taa ya mbele inafifia. Nikiigusa kidogo inaendelea. Na kwenye pointi zote mbili inashtuka, nikiipeleka polepole ndo inasimama kabisa pale katikati. Nimesafisha reli kwa spiriti zaidi ya mara tano, juzi nikaamua kupitisha msasa, siku ya kwanza nikaona nafuu sasa imerudi kulekule na labda zaidi. Pia kuna behewa moja linaruka reli kulekule mbali karibu na kona ila hilo nadhani ni magurudumu yake nitalishughulikia baadaye.

Sasa, kichwa cha treni chenye mota kimekufa ninunue kingine? Au nihamie dijitali, ule mfumo wa kuongoza treni kwa amri zinazopita kwenye reli, maana naona wengi humu wanaisifia? Kinachoniuma ni mwanangu ana miaka sita, amezoea kukaa ule upande wa mbali na kila treni ikifika kwake anaisukuma kwa kidole, anadhani ndivyo inavyotakiwa. Natamani aione ikizunguka yenyewe.

Naomba kuwasilisha.

KichwaMbele
Pole mkuu. Changu kilifanya hivyohivyo, kumbe brashi za mota, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zilikuwa zimeisha. Mimi ningenunua kichwa kingine tu kuliko kuhangaika. Ila ukinunua angalia sana, usije ukachukua vile vya mfumo wa reli tatu kama vya Märklin ukidhani HO ni HO tu, skeli ni ileile 1:87 lakini magurudumu ya kushoto na kulia hayajatenganishwa kiumeme, ukikiweka kwenye reli zako mbili ni shoti papo hapo.

Fundi Waya
Mkuu KichwaMbele nakuheshimu ila hapa sikubaliani. Brashi zikiisha kichwa kinasumbua popote, hakichagui upande wa meza. Hiki kinazima palepale kila siku maana yake ugonjwa uko pale kwenye njia, hauko kwenye kichwa.

Mwanareli una mita ya umeme? Washa kontrola hadi mwisho, pima hapo umeme unapoingilia, halafu zunguka upime kule inapozimia. Lete namba.

Mwanareli
Asante Fundi. Nimepima sasa hivi. Panapoingilia umeme ni 11.6, kule mbali ni 11.6. Nimerudia mara tatu, sawasawa kabisa. Kwa hiyo reli ni nzima, kichwa ndo kibovu? Nilikuwa naombea isiwe hivyo.

Fundi Waya
Subiri kwanza usinunue kitu. Ulipima bila treni kutembea au sio? Hapo ndo wengi wanapotea, hata mimi nilipotea hapo. Mita haili umeme wowote wa maana, hata jointa, kile kibati kinachounga reli na reli, iwe imeshika kwa kiunywele itakuonyesha voliti zote zipo. Ni kama bomba lililoziba, ukiwa umefunga koki presha unaikuta ipo, fungua sasa uone kinachotoka.

Tafuta balbu ndogo ya gari ya voliti 12 wati 5, hiyo inakula karibu nusu ampea, haipishani sana na kichwa cha HO kikivuta mabehewa. Shikiza nyaya zake kwenye reli mbili kule mbali iwake, halafu pima hapohapo ikiwa inawaka. Kisha fanya hivyohivyo karibu na kontrola. Hizo ndo namba ninazozitaka.

Mama Mabehewa
Wakati unatafuta balbu mdogo wangu, naomba kwa mapenzi yote huo msasa uuweke mbali na reli. Reli za siku hizi nyingi ni nikeli silva, ina jina la fedha lakini ndani yake ni shaba na nikeli na zinki, ina uso laini ambao ndo unaopitisha umeme vizuri. Msasa unachora mikwaruzo midogo usiyoiona na uchafu unaingia humo unakaa, ndiyo maana ulipata nafuu siku moja halafu ikawa mbaya zaidi. Haijaharibika kabisa usiogope, chukua kitu kigumu laini, mimi natumia nyuma ya kijiko cha chuma, sugua uso wa reli kwa kukandamiza mpaka urudi kung'aa halafu malizia na spiriti.

Jambo la pili, umesafisha reli mara tano, magurudumu umesafisha mara ngapi? Uchafu unahama, ukisafisha reli tu magurudumu yanaupaka tena mzunguko wa kwanza. Weka kitambaa chenye spiriti juu ya reli, magurudumu ya mbele ya kichwa yakae kwenye kitambaa na ya nyuma yakae kwenye reli kavu yapate umeme, shika kichwa kwa mkono, washa, yazunguke kwenye kitambaa. Geuza. Utaona mistari myeusi. Na kama mabehewa yako yana magurudumu ya plastiki, hayo yanabeba na kusambaza uchafu kuliko ya chuma, badilisha pole pole kadiri utakavyoweza.

Halafu hilo behewa linaloruka, linaruka mahali palepale au popote?

Mwanareli
Mahali palepale dada, kabla tu ya kona, kama jointa ya pili. Nimejaribu kubadilisha nafasi ya mabehewa, hata lingine liliruka mara moja hapohapo.

Mama Mabehewa
Basi magurudumu yaache. Kapitishe ukucha juu ya ile jointa, kwa ndani ya reli na kwa juu. Nahisi reli imepanda juu ya kile kibati cha jointa badala ya kuingia ndani yake. Kwa macho kutoka juu huoni kitu, lakini inakuwa imenyanyuka kidogo sana na gurudumu linaipanda. Na umeme hapo unakuwa unagusa tu kwa bahati.

Dijitali87
Mimi ni mtu wa dijitali na naipenda sana, lakini Mwanareli nakuomba usihame kwa sababu hii. Dijitali umeme na amri vyote vinapita kwenye reli zilezile, jointa mbaya inakuwa mbaya maradufu maana dekoda, kile kifaa ndani ya kichwa kinachopokea amri, ikipoteza mguso kidogo inaanza upya, kama kichwa kina sauti unasikia injini inawashwa upya kila kona. Kuna kapasita za kuongezea kwenye dekoda zinazosaidia kuvuka sehemu fupi zisizo na umeme lakini haziponyi njia iliyounganishwa vibaya. Rekebisha njia kwanza, ukija dijitali baadaye utakuta kazi imeshafanyika.

Mwanareli
Jamani. Nimeleta namba. Balbu ikiwaka karibu na kontrola 11.3. Balbu ikiwaka kule mbali 7.9 na yenyewe inawaka rangi ya chungwa. Na dada Mama Mabehewa nimepitisha ukucha, ulivyosema ndivyo ilivyo, reli moja ilikuwa imekaa juu ya kibati. Nimeivuta nimeirudisha ndani, kule mbali sasa napata 9.4. Yaani nilikaa sakafuni nikaiangalia tu ile jointa, miezi minne yote.

Ila swali, kama jointa ilikuwa haishiki kwa nini treni haikuzima kabisa nusu nzima ya duara?

Fundi Waya
Swali zuri sana hilo. Kwa sababu kwenye duara umeme una njia mbili za kuifikia treni, umeme ukikatika kushoto unazunguka kulia. Ndo maana jointa moja ikifa hujui, zinakufa pole pole na wewe unaona treni inachoka tu. Hesabu vipande vyako, meza kama yako ina vipande ishirini na kitu, kila kipande kina jointa mbili kwa kila reli, kila moja inakula kidogo.

Sasa 9.4 bado haitoshi. Usitegemee jointa kupitisha umeme, jointa kazi yake ni kushika reli zisipishane. Pitisha nyaya mbili kubwa chini ya meza kufuata njia, waya wa nyumba wa milimita 1.5 unatosha kabisa, halafu kila baada ya vipande viwili vitatu pandisha nyaya fupi nyembamba kwenda kwenye reli. Reli ya nje nyekundu, ya ndani nyeusi, na usibadilishe hata mara moja. Kila ukiunganisha pea moja weka mita kwenye mlio uguse reli zote mbili, ikilia umekosea hapohapo. Usiunganishe kumi ndo upime, utakuja kutafuta shoti usiku kucha.

Mzee Taruma
Naona vijana mmemaliza, niongeze la kulehemu tu maana hapo ndo mataruma, vile vipande vya plastiki vinavyobeba reli, yanapoyeyukia.

Kijana, waya uunge ubavuni mwa reli upande wa nje, kamwe usiunge ndani, ndani ndiko ukingo wa gurudumu unakopita. Kwanza kwangua ubavu wa reli kwa tupa ndogo ung'ae. Paka risasi ya kulehemia kwenye reli peke yake, paka kwenye waya peke yake, ndipo uvikutanishe, gusa sekunde mbili tatu uondoe. Kushoto na kulia pa unapochomea bana vibanio vya chuma au weka pamba yenye maji, joto litaishia hapo halitafika kwenye taruma la plastiki. Na usitumie dawa ya kulehemu mabomba, ina asidi, itaila reli yako taratibu.

Usichome kila jointa pia. Mbao inacheza na hali ya hewa na reli inatanuka kwa joto, ukiifunga yote siku moja utaikuta imepinda kama nyoka. Straiti acha nafasi ndogo kati ya reli na reli.

Mwanareli
Shikamoo mzee. Sijawahi kushika chombo cha kulehemu maishani lakini nitajaribu.

Mzee Taruma
Marahaba. Jaribu kwanza kwenye kipande cha reli usichokihitaji. Cha tano kitatoka vizuri.

KichwaMbele
Mkuu nafuta ushauri wangu wa kununua kichwa. Na nimeenda kupima vya kwangu na balbu, kumbe nami nina upande unaokaa 9. Asante Fundi.

Mwanareli
Wakuu nimerudi, siku nne zimepita. Kilichotoka vizuri kilikuwa cha saba mzee, taruma moja limeyeyuka kidogo upande ila haligusi kitu. Nimeweka pea nane kuzunguka meza yote. Balbu kule mbali 11.2. Magurudumu yalitoa mistari myeusi kama mkaa, sikuamini.

Treni haipungui mwendo tena kokote isipokuwa pointi, pale mwendo mdogo bado inasimama.

Fundi Waya
Hongera sana! Pointi zako ile V ya katikati, pale reli mbili zinapokutana, ni ya plastiki au chuma?

Mwanareli
Plastiki nyeusi.

Fundi Waya
Basi hapo hakuna umeme kabisa, ndivyo ilivyotengenezwa ili isipige shoti. Kichwa kinatakiwa kivuke kwa magurudumu mengine. Geuza kichwa uangalie ni magurudumu mangapi yanachukua umeme, kuna vijibati vyembamba vinavyogusa nyuma ya gurudumu, mara nyingi kimoja kimejaa uzi na mafuta au kimepinda hakigusi. Visafishe, virudishe taratibu kwa kibano, viguse kidogo tu, ukikaza sana unalizuia gurudumu.

Mwanareli
Viwili vilikuwa havigusi! Kimoja kilikuwa na unywele umejizungusha kwenye ekseli. Nimevirudisha, inavuka pointi zote kwa mwendo wa kutambaa.

Jioni nikamwita mwanangu akakaa upande wake wa siku zote. Treni ikaja, akanyoosha kidole kama kawaida, ikampita kabla hajaigusa. Akabaki kanyoosha kidole vilevile mpaka ikazunguka ikarudi tena. Akaniuliza baba umeiambia nini. Tumezungusha saa nzima hatujaongea kitu kingine.

Asanteni sana wote. Sasa nataka kumwaga kokoto ndogo za kuzunguka reli, nianze wiki hii?

Mama Mabehewa
Umenifurahisha mno mdogo wangu, msalimie huyo dereva. Kokoto ngoja, endesha kwanza wiki mbili kila siku, mbele na nyuma, na mabehewa yote. Gundi ikishakauka kurekebisha jointa ni kubomoa. Ukifika wakati, gundi nyeupe ya mbao nusu kwa maji nusu na tone moja la sabuni ya vyombo, loweka kokoto kwa spiriti ya kunyunyiza kwanza ndipo udondoshee, na kwenye zile sehemu za pointi zinazosogea usiweke gundi hata tone. Ukianza fungua uzi mwingine utuwekee picha.