Kubeba kompresa ndogo kwenye pikipiki: inasaidia, au ni mzigo tu?

Mpita_Idodi
Wakuu, habari za leo. Mimi ni afisa ugani wa mifugo, na mara mbili au tatu kwa wiki hutoka Iringa mjini kwenda vijiji vya Idodi na Pawaga kwa Boxer 150 yenye rimu za spoki. Mwezi uliopita mwiba wa mgunga ulitoboa tairi la nyuma jioni, mbali na fundi pancha yeyote, nikasukuma pikipiki hadi giza likanikuta njiani. Sasa nimeona dukani kompresa ndogo ya volti 12, ile inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, na muuzaji anadai kwamba naweza kuiunga kwenye betri ya pikipiki bila shida yoyote. Je, ni kweli?

Fundi_Kihesa
Pole kwa safari hiyo. Muuzaji amekueleza nusu ya habari. Kompresa za aina hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya betri ya gari, na nyingi hula ampea 8 hadi 15 zinapofanya kazi. Tuseme betri yako ni ya ampea-saa 5 na kompresa inakula ampea 10: ikizunguka kwa dakika 6 itakuwa imekula ampea-saa 1, yaani sehemu moja ya tano ya betri nzima. Kwa betri ambayo bado ni imara hilo linavumilika, hasa ukiacha injini ikiunguruma, lakini kwa betri iliyochoka unaweza kupata upepo na kukosa stata. Wewe una bahati ya kuwa na kiki, kwa hiyo hutalala porini.

Ukiamua kuinunua, iunge moja kwa moja kwenye vichwa vya betri kwa nyaya nene zenye fyuzi yake yenyewe. Usithubutu kuiunga kwenye waya wa honi wala kwenye tundu la kuchajia simu, kwa sababu nyaya hizo ni nyembamba na zitapata moto kabla tairi halijajaa.

Mama_Mnyuki
Kwa heshima zote kwa fundi, naona tumeanza na upepo kabla ya tundu. Rimu za spoki kwa kawaida maana yake ni tairi lenye tyubu, na tyubu iliyotobolewa na mwiba itatoa upepo wote hata ukiwa na kompresa ya kituo cha mafuta. Mwenye tairi lisilo na tyubu anaweza kuziba tundu kwa utambi, yaani kipande cha mpira kinachosukumwa tunduni, bila kufungua gurudumu, kisha akajaza. Kwake kompresa ni mkombozi. Kwako wewe vitangulie tyubu ya akiba, vyuma viwili vya kufungulia tairi, spana ya ekseli, viraka na solusheni.

Ninafuga nyuki na nimebadilisha tyubu porini mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa kuweka tyubu mpya bila kuutafuta mwiba, ambao ulikuwa bado umejificha ndani ya tairi, na tyubu ya pili ikatoboka kabla sijamaliza kukusanya vifaa. Siku hizi napitisha kitambaa taratibu upande wa ndani wa tairi mpaka kinase, kisha naipa tyubu upepo kidogo kabla ya kuiingiza ili isijikunje na kubanwa na chuma. Jambo jingine: tairi likiisha upepo, shuka. Ukiendelea kuendesha, tairi huteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, vali hung'oka shinani, na hapo hakuna kiraka kitakachosaidia.

Upepo wenyewe najaza kwa pampu ya mguu. Inachosha, lakini haina betri ya kuisha.

Kijana_wa_Mtera
Mimi natumia kompresa yenye betri yake ndani, inayochajiwa kwa waya wa simu, kwa hiyo haigusi umeme wa pikipiki kabisa, na hujizima yenyewe kipimo kikifika. Siku ya kwanza niliirudishia muuzaji nikidai ni mbovu kwa sababu ilijizima papo hapo; kumbe nilikuwa nimeandika 2.2 nikidhani ni bar, wakati mashine ilikuwa inasoma psi. Kumbuka kwamba 29 psi ni sawa na bar 2 au kPa 200. Usiiache juani kwenye boksi la pikipiki, maana joto huua betri za lithiamu, na ikague chaji kila wiki hata kama hujapata pancha.

Mpita_Idodi
Nashukuru sana. Nimeelewa kwamba tyubu na vyuma vinatangulia. Swali la mwisho: nikibeba boksi la barafu lenye chanjo nyuma, nijaze kiasi gani?

Fundi_Kihesa
Fuata kibandiko kilichopo kwenye pikipiki au kitabu chake, kwa maana tairi la nyuma huandikiwa kipimo kimoja cha mtu mmoja na kingine, kilicho juu zaidi, cha abiria au mzigo. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Ukipima baada ya mwendo mrefu utakuta kipimo kimepanda kwa sababu ya joto. Usipunguze, kwani likipoa litakuwa na upepo pungufu.