Mbao za mvule na kikohozi cha saa nane usiku

SeremalaWaJumamosi, Nakuru

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Nakuru, na useremala kwangu ni wa Jumamosi tu. Nina kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, upande wa Kiamunyi, chenye mlango mmoja na dirisha dogo. Ndani mna msumeno wa meza, mashine ya msasa ya mkono, randa mbili na meza ya kazi niliyoiunda mwenyewe. Kwa miaka mitatu nimetengeneza viti, rafu za vitabu na kitanda cha mtoto kwa mbao za saipresi na grevilea, wala sikuwahi kuona shida zaidi ya kupiga chafya kama mtu yeyote anayefagia.

Mwezi wa Mei shemeji yangu wa Busia aliniletea mbao nane za mvule, zilizopasuliwa kutoka mti mkubwa ulioanguka bomani kwao. Nilifurahi kama mtoto, kwa maana mvule siku hizi haupatikani ovyo. Jumamosi mbili za kwanza zilipita salama. Ya tatu kope zikaanza kuwasha, pua ikaziba, na vipele vikatoka mikononi kuanzia mwisho wa glavu hadi kwenye kiwiko. Sasa limezuka jambo linalonitia wasiwasi zaidi: ninafunga kibanda saa kumi na moja jioni nikiwa mzima, ninaoga, ninakula, ninalala, ikifika saa nane usiku ninaamka kwa kikohozi kikavu, kifua kimebana na kinalia kama filimbi. Mke wangu alidhani ni paka amefungiwa chumbani. Kufikia Jumanne huwa nimepona kabisa, hata ninaona haya kwenda hospitalini kulalamikia ugonjwa ambao haupo.

Ninavaa barakoa ya kitambaa iliyobaki tangu wakati wa korona. Je, tatizo ni mvule au ni mimi? Je, ni lazima niache kazi hii? Na kwa kuwa unga wote wa mbao humpa jirani autandaze kwenye banda lake la kuku, kuna ubaya wowote?

TabibuWaWinam, Kisumu

Pole sana, Mwalimu. Mimi ni afisa tabibu katika kliniki ya kifua hapa Kisumu, na katika maelezo yako yote kilichonishtua si vipele wala pua, bali ni hiyo saa nane usiku.

Mtu aliyekerwa tu na vumbi hukohoa akiwa palepale kwenye vumbi, na akitoka nje akanawa uso hupata nafuu. Aliyepata mzio ni habari nyingine. Mwili wake umekwisha kulijua vumbi lile na kulihesabu kuwa adui, na shambulio linaweza kuchelewa saa nne, sita, hata nane baada ya kazi kwisha, ndiyo maana wengi hulaumu baridi ya usiku, blanketi au chakula cha jioni. Hizo Jumamosi mbili zilizopita salama hazimwondolei mvule lawama. Kinyume chake, ndivyo mzio unavyoanza. Mwili huhitaji muda wa kujifunza, wiki kadhaa kwa mmoja na miaka kwa mwingine, na ukishajifunza, kiasi kidogo mno cha vumbi kinatosha kuuamsha.

Mvule, ambao wauzaji wa mbao wa Ulaya huuita iroko, unajulikana siku nyingi kwa kuwasha ngozi, macho na pua, na kwa baadhi ya watu kuleta pumu. Usidhani grevilea ni malaika, kwa maana nayo ina kemikali iitwayo grevilo inayowatoa watu vipele. Mti uliochunguzwa kuliko yote katika jambo hili ni mwerezi mwekundu wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, ambao asidi yake ya plikatiki husababisha pumu kwa wafanyakazi wa viwanda vya mbao. Na funzo lililopatikana huko ni kwamba wengi waliochelewa kuondoka kwenye vumbi hilo walibaki na pumu hata baada ya kuacha kazi. Kwa hiyo hiyo Jumanne yako ya kupona isikudanganye. Hiyo ndiyo dalili yenyewe: ugonjwa unaoondoka ukiacha kazi na kurudi ukirudi kazini.

Nenda hospitalini ukiwa mzima vivyo hivyo, na useme neno "mbao" kabla hujaulizwa. Omba kipimo cha kupuliza, kile kibomba chenye mshale unaopanda kadiri unavyopuliza kwa nguvu. Ukiweza kununua cha kwako, puliza asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala kwa wiki mbili au tatu, siku za kazi na siku zisizo za kazi, kisha uandike kila namba daftarini. Usitegemee kipimo cha ngozi, kwa kuwa kwa miti mingi hakuna dawa maalumu ya kupimia. Na kwa sababu kikohozi ni kikohozi, kubali pia kupimwa kifua kikuu. Katika hospitali za umma kipimo hicho ni cha bure. Kwa sasa usiuguse mvule. Usiku wowote ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, usingoje kukuche.

RandaYaMzee, Kakamega

Nimesoma maneno ya daktari na ninayaheshimu, lakini mimi nimeshika randa tangu 1986 na mvule nimeupasua mwingi kuliko mahindi niliyokula. Siku zetu dawa ilikuwa moja: ukimaliza kazi unakunywa maziwa nusu lita, yanaosha kifua. Kikohozi ninacho, ndiyo, kile cha asubuhi cha kila fundi, lakini hakijanizuia kitu.

Kinachowaumiza vijana ni mashine. Randa ya mkono inatoa maranda, marefu kama utepe, yanaanguka miguuni na kukaa hapo. Mashine ya msasa inatoa unga kama wa kusaga uji, ambao hauanguki, unaelea. Mwalimu, ungelikwangua hizo mbao kwa randa yenye makali na kumalizia kwa kipande cha chuma cha kukwangulia, msasa usingekuwa na kazi kubwa. Tena tazama kama mbao zilikauka vizuri. Mti ulioanguka ukalala kwenye majani mabichi miezi mingi huota ukungu ndani, na ukungu huo ukisagwa ni sumu ya pili juu ya ya kwanza.

TabibuWaWinam, Kisumu

Mzee wangu, kuhusu randa na ukungu umesema kweli tupu, nami ninaongeza kwamba vumbi la ukungu huweza kuleta homa na baridi ya mwili saa chache baada ya kazi, hata mtu akapewa dawa ya malaria bure. Lakini maziwa yanaingia tumboni, na vumbi limeingia mapafuni. Njia hizo mbili huachana kooni na hazikutani tena. Maziwa ni mazuri, uyanywe kwa sababu ni mazuri.

Hicho kikohozi cha asubuhi, mzee, nakuomba kisipite hivihivi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995. Jambo hilo lilikuwa limeonekana kwa mafundi wa fanicha wa High Wycombe, Uingereza, miaka ya 1960, ambao walipata saratani za ndani ya pua kuliko watu wengine. Hao walikuwa wafanyakazi wa kila siku kwa miaka mingi, na mbao zao zilikuwa ngumu kama za mwaloni. Mtu wa Jumamosi hayumo katika hatari ya kiwango hicho. Wewe wa tangu 1986 uko karibu nayo zaidi. Pua ikiziba upande mmoja tu bila kufunguka, au upande huo ukitoa damu mara kwa mara, onana na daktari wa pua na koo. Nawe kikohozi chako kipimwe, hata kama umekizoea.

BoltiNaNati, Lanet

Mwalimu, mimi si mtu wa hospitali. Kazi yangu ni kufunga mitambo ya hewa. Nitasema kuhusu kibanda.

Fanya hivi siku moja yenye jua. Mabati yako bila shaka yana matundu ya misumari ya zamani. Zima mashine, toka nje, rudi baada ya nusu saa, ufunge mlango na utazame mwale wa jua unaopenya kwenye tundu mojawapo. Utaona vumbi likiogelea ndani yake kana kwamba ndiyo kwanza umemaliza kupiga msasa. Na hilo ni lile kubwa linaloonekana. Lile linalofika mwisho wa mapafu ni dogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona lenyewe. Wengi huvua barakoa punde tu mashine inaponyamaza, wakaanza kufagia, na hapo ndipo wanapovuta vumbi kuliko wakati wa kazi.

Nimefanya hesabu ya kibanda cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu; hicho kina mita 30 za ujazo wa hewa. Uingereza inaruhusu kazini miligramu 3 za vumbi la mbao ngumu katika kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa 8. Zidisha: ni miligramu 90 kwa kibanda kizima, pungufu ya chumvi unayobana kwa vidole viwili. Mashine yako ya msasa inatoa kiasi hicho kabla hujamaliza ubao mmoja.

Kwa hiyo barakoa iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza. Kwanza likamate vumbi linapozaliwa: mashine nyingi za msasa zina mdomo wa kuunganisha mpira wa kifyonza vumbi, na katikati unaweza kuweka ndoo ya rangi yenye mfuniko, ambamo hewa inazunguka na unga mzito unaanguka chini kabla haujaziba kichujio. Hakikisha tu kifyonza kina kichujio cha vumbi laini, la sivyo kinaokota unga sakafuni na kuutapika hewani. Pili, toboa dirisha la pili upande wa pili wa mlango na uweke feni inayopuliza kwenda nje, nawe usimame hewa safi ikikujia kutoka mgongoni. Au kwa urahisi zaidi, piga msasa nje chini ya mti, ukiwa upande upepo unakotoka. Husemwa kwamba jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, basi tusiongeze.

Barakoa ya kitambaa inazuia maranda, haizuii unga. Tafuta ya N95 au FFP2 yenye mikanda miwili inayozunguka kichwa, uibane puani, na unyoe ndevu, kwa kuwa hewa hupita penye nywele. Usiitundike kwenye msumari ndani ya kibanda. Ukivaa barakoa iliyolala kwenye vumbi unavuta lile la ndani. Ifungie kwenye mfuko.

Jambo la kando kwa wanaookota mbao za bure: vigingi vya kijani vilivyotiwa dawa aghalabu vina shaba, kromiamu na aseniki, usivipasue ovyo wala kuvichoma jikoni, na palati, yaani zile fremu za mbao za kupangia mizigo, zenye alama ya MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromaidi, chukua zenye HT, ambazo zilitibiwa kwa joto tu.

SeremalaWaJumamosi, Nakuru

Ninarudi baada ya wiki tano kama nilivyoahidi moyoni. Nilinunua kipimo cha kupuliza. Siku za katikati ya wiki ninapuliza kati ya lita 500 na 520 kwa dakika. Sikuugusa mvule, lakini Jumamosi ya pili nilifagia kibanda kwa ufagio mkavu, nusu saa tu, nikaona si kitu. Saa nne usiku mshale ulisimama 390, na saa nane nilikuwa nimeketi kitandani. Daktari aliyaangalia hayo makaratasi kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi, akasema ni pumu ya mzio, akanipa dawa za kuvuta. Makohozi yalipimwa, kifua kikuu hakipo.

Tangu hapo nimefuta kila ukuta kwa kitambaa kibichi, feni inapuliza nje, nguo za kazi hazivuki mlango wa jikoni. Jumamosi mbili zilizopita nilifanya kazi ya saipresi kwa randa, chini ya mkaratusi, na usiku mshale ulikaa 490. Jirani nilimwambia autoe ule unga wa mvule bandani, kwa kuwa yeye ndiye anayeinama kuufagia kila asubuhi. Amekubali maranda ya saipresi badala yake, na anasema hata kuku wameyapenda.

Zimebaki mbao tano. Nikizitazama moyo unauma, lakini sizigusi.

RandaYaMzee, Kakamega

Hizo nitakuja kuzichukua mimi, Mwalimu, na nitakupa saipresi kavu ya ukubwa uleule. Ninapita Nakuru mwisho wa mwezi. Na daktari asidhani sikumsikia: nilipuliza hicho kibomba Alhamisi, wakaniambia nirudi na daftari.

TabibuWaWinam, Kisumu

Asante, mzee wangu. Mbao zifungwe kwa turubai kabla hazijatolewa kibandani, na Mwalimu asiwe ndiye anayezipakia garini.